Bajia tamu za mapichi: adui ni maji, si mafuta

Basi la Arusha likisimama Mombo mwezi wa Desemba au Januari, kabla dereva hajazima injini wauza matunda wameshafika dirishani. Wamebeba mapichi na plamsi zilizoshushwa alfajiri kutoka Soni na Lushoto, barabara ya kona kali ya kilomita zaidi ya 30. Abiria ananusa, anapata tamaa, ananunua sado nzima. Akifika nyumbani usiku anafungua mfuko na kukuta yaliyokuwa chini yamebondeka, ya katikati yameiva yote kwa siku moja, na ya juu bado magumu kama mawe. Watoto watakula matatu manne kisha watayachoka. Mimi yanayobaki huwa nayapeleka kwenye karai.

Kwetu tunaziita bajia tamu. Si kaimati, maana hazina hamira wala hazisubiri kuumuka. Si maandazi, maana hazisukumwi. Ni vipande vidogo vya pichi ndani ya rojo zito la unga wa ngano, mayai na iliki, vinavyodondoshwa kwenye mafuta kwa kijiko kama zinavyodondoshwa bajia za kunde. Nje zinakuwa kavu zenye mikwaruzo, ndani laini, na kila ukitafuna unakutana na kipande cha pichi cha moto chenye uchachu wake.

Mara ya kwanza nilizijaribu mbele ya wageni, jambo ambalo sikushauri ulifanye. Nilichukua mapichi yaliyolainika kabisa, nikayakatakata na kuyamimina pamoja na maji yake kwenye rojo. Rojo likageuka uji. Nikaongeza unga, nikaongeza tena, likawa kama gundi. Zilipoingia kwenye mafuta zilirusha cheche hadi ukutani, zikatoka nyeusi nje na mbichi ndani. Wageni walikula moja moja kwa adabu na kusifia chai.

Nilichojifunza ni kwamba pichi ni maji matupu, karibu sehemu tisa katika kumi. Mafuta ya moto na maji hayapatani, na unga uliolowa hauivi. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini, hata zile zinazoonekana za kipuuzi, ni za kuyabana hayo maji.

Sokoni

Lushoto wengi watakwambia mapichesi, kamusi inataka useme mafyulisi, na ukisema mapichi hakuna muuzaji atakayekushangaa. Usidanganywe na wekundu. Wekundu wa shavuni ni jua limepiga upande huo, hauna habari ya kuiva. Tazama rangi ya chini yake, pale karibu na kikonyo: ikiwa kijani bado, ikiwa imegeuka manjano au rangi ya maziwa limekomaa. Kisha linuse. Pichi lisilo na harufu halina ladha.

Kwa kula mkononi, chagua lile linalobonyea. Kwa karai, chagua lililoiva lakini bado lina ubishi: ukilibonyeza taratibu kwa dole gumba linakubali kidogo tu. Yale yaliyolainika kabisa weka kando, tutayatumia kwenye shira.

Yakiwa magumu, yafunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu. Ndizi inatoa gesi inayoharakisha kuiva, na kwa siku moja au mbili yatakuwa tayari. Lakini elewa kwamba pichi likishachumwa linalainika na kunukia tu, utamu hauongezeki kwa maana, kwa sababu sukari yake ilitoka mtini. Lililochumwa changa litabaki la uchachu, na hapo utaongeza sukari. Kosa jingine la kawaida ni kuyatia kwenye friji yakiwa bado magumu. Baridi ya friji inaharibu namna yanavyolainika: yakitoka yanakuwa chengachenga, kama unatafuna pamba yenye maji. Yaache mezani hadi yaive, kisha ndiyo uyatie friji, na humo yatakaa siku chache.

Mpichi wenyewe ni mti wa baridi. Asili yake ni China, ingawa jina lake la kisayansi linaisingizia Uajemi, na usipopata majuma ya baridi hauchanui vizuri. Ndiyo maana Tanga mjini tunayala lakini hatuyapandi, na ndiyo maana yanatoka Usambara na Nyanda za Juu Kusini. Kwa ndugu walioko Marekani na Ulaya, msimu wenu ni Juni hadi Agosti. Jimbo la Georgia linajiita la mapichi, ingawa anayevuna mengi kuliko wote huko ni California.

Vipimo

Hivi vinatoa bajia 18 hadi 20. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250.

- mapichi 4 ya wastani, yaliyoiva kwa ubishi
- unga wa ngano vikombe 1½ (kama gramu 200), na kijiko kimoja cha chakula cha ziada
- beking pauda vijiko 2 vya chai, vilivyosawazishwa
- sukari vijiko 3 vya chakula, na kingine kimoja cha kunyunyizia matunda
- chumvi nusu kijiko cha chai
- iliki punje 6, zilizomenywa na kutwangwa
- mayai 2
- maziwa au tui zito nusu kikombe
- samli au siagi iliyoyeyushwa kijiko 1 cha chakula
- ndimu 1, ganda lake na maji yake
- mafuta ya alizeti kama lita 1

Kuhusu mafuta: najua kuna nyumba za pwani ambazo kila kitu kinakaangwa kwa mafuta ya nazi ya kukamua wenyewe. Kwa samaki wa haraka sina neno. Kwa bajia hizi hapana, kwa sababu mafuta hayo huanza kutoa moshi karibu na joto lilelile tunalolitaka. Utamu wa nazi utie kwa tui.

Hatua ya 1: kumenya na kukata

Maganda ya pichi yana manyoya. Kama ganda ni jembamba, lisugue kwa kitambaa chenye maji na uliache. Kama ni nene limenye, la sivyo mtu atauma bajia na kuvuta utepe wa ganda. Njia rahisi: chora msalaba chini ya tunda kwa kisu, lizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, litoe na ulitie kwenye maji baridi. Ganda litavuka lenyewe. Usilisahau kwenye maji ya moto, tunataka kuvua ganda, hatupiki mchuzi.

Pitisha kisu kuzunguka tunda kwa kufuata mshono wake hadi kigonge kokwa, kisha zungusha nusu mbili kila moja upande wake. Kuna mapichi yanayoachia kokwa kwa hiari, na kuna yanayong'ang'ania. Ukikutana na king'ang'anizi usipigane nalo, likate mapande kama unavyokata embe.

Kata vipande vidogo, ukubwa wa njugumawe, kama sentimita moja. Watu wanapenda vipande vikubwa kwa sababu vinapendeza machoni. Kipande kikubwa kinabeba maji mengi, na unga unaokizunguka unabaki mbichi wakati nje kumeshaungua.

Makokwa tupa. Ukivunja kokwa utakuta kiini chenye harufu nzuri kama ya lozi, na usije ukafikiri umegundua kiungo. Kiini hicho kina kitu ambacho tumboni hugeuka sianidi, nayo ni sumu. Ukiwa na watoto wanaopenda kugongagonga vitu kwa jiwe, yatupe mbali.

Hatua ya 2: kuyakamua bila kuyakamua

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha bajia zangu, na ndiyo watu huiruka.

Weka vipande kwenye chujio juu ya bakuli. Nyunyiza kijiko kimoja cha sukari na maji ya nusu ndimu, changanya kwa mkono, uondoke. Sukari inayavuta maji ya tunda yatoke nje, ndimu inazuia vipande visigeuke rangi ya kahawia. Baada ya dakika 15 utakuta bakuli limepata vijiko kadhaa vya maji yenye rangi ya waridi. Usiyamwage.

Mimina vipande juu ya kitambaa safi cha jikoni, vikunjie, uvipapase kwa upole. Kisha virudishe kwenye bakuli kavu, nyunyiza kile kijiko cha unga wa ziada, tikisa hadi kila kipande kiwe na vumbi jeupe. Unga huo unanywa maji yatakayoendelea kutoka, na pia unafanya rojo lishike. Kipande kisicho na unga huteleza ndani ya rojo na kukimbilia kwenye mafuta peke yake, huko ndiko zinakotoka zile cheche.

Hatua ya 3: shira, wakati unasubiri

Yale maji ya waridi tia kwenye sufuria ndogo. Ongeza robo kikombe cha sukari, robo kikombe cha maji, maganda ya iliki uliyomenya, na yale mapichi yaliyobondeka, yakiwa yamemenywa na kupondwa kwa uma. Chemsha kwa moto wa wastani hadi lianze kushika mgongo wa kijiko, kama dakika saba hivi. Chuja ukipenda, mimi sichuji. Likipoa linazidi kuwa zito, kwa hiyo epua kabla hujaridhika nalo.

Hatua ya 4: mafuta yaende jikoni sasa

Ndiyo, kabla ya rojo. Rojo likishachanganywa na matunda halisubiri: beking pauda inaanza kazi ikikutana na majimaji, na pichi linaanza kutoka jasho upya. Nimeona watu wanachanganya kila kitu, halafu ndipo wanaanza kutafuta kiberiti.

Tumia karai au sufuria nzito. Mafuta yawe na kina cha sentimita tano au sita, yasifike nusu ya chombo, maana yatapanda. Karai na vyombo vyote viwe vikavu kabisa.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 170 hadi 175 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya mpini wa mwiko wa mbao: vipovu vidogo vikitoka mfululizo kuuzunguka, yako tayari. Visipotoka, subiri. Mafuta yakianza kutoa moshi umepitiliza, epua upumzishe. Kipimo cha pili ni tone la rojo: lizame, lipande ndani ya sekunde mbili tatu, na lichukue kama dakika moja kupata rangi. Likipata rangi papo hapo, ni moto mno.

Kwenye gesi hilo ni jambo la kugeuza kitufe. Kwenye mkaa lina ufundi wake. Usisubiri mkaa uwe mwekundu wote ndipo uanze, toa vipande viwili vitatu, funika uliobaki kwa majivu kidogo, na weka pembeni makaa ya kuongeza. Ukiona joto linapanda, sogeza karai lisikae sawasawa juu ya jiko, au ongeza mafuta ya baridi kidogo.

Mafuta yakishika moto, zima gesi kama unaweza kufika, funika kwa mfuniko, na usiyainue wala kumwagia maji kwa hali yoyote. Mfuniko huo uwe karibu tangu mwanzo, si wa kwenda kutafutwa kabatini. Watoto wawe nje ya jiko.

Hatua ya 5: rojo

Bakuli la kwanza: unga, beking pauda, sukari, chumvi, iliki, na ganda la ndimu lililokunwa. Kwangua ile sehemu ya kijani tu, ukifika kwenye weupe acha, ni mchungu. Bakuli la pili: mayai yaliyopigwa kidogo, maziwa au tui, samli.

Mimina cha maji kwenye cha unga na uchanganye kwa mwiko hadi usione unga mkavu. Basi. Vidonge vidogo viache, vitaisha vyenyewe. Aliyezoea kupiga keki atataka kuendelea, na kadiri anavyoendelea ndivyo unga wa ngano unavyojivuta na bajia zinakuwa za mpira.

Inua mwiko utazame. Rojo lianguke kwa kujivuta, pande kwa pande, lisimiminike. Likimiminika, ongeza kijiko kimoja cha unga. Likigoma kuanguka, kijiko kimoja cha maziwa. Sasa ingiza mapichi na uyakunje ndani kwa mikunjo minne mitano.

Hatua ya 6: kukaanga

Kaanga moja kwanza. Moja tu. Itoe, ivunje, itazame ndani, ionje. Hiyo ndiyo itakayokwambia kama mafuta ni ya moto mno, kama sukari inatosha, kama rojo ni jepesi. Ukianza na saba ukakosea, umekosea saba.

Chota kijiko cha chakula kisichojaa sana, kisogeze karibu kabisa na uso wa mafuta, sukuma rojo kwa kijiko kingine liingie taratibu. Wanaojua kudondosha kaimati kwa kidole gumba na cha shahada wanaweza kutumia mkono, ila vipande vya matunda vinasumbua. Usidondoshe kutoka juu.

Weka tano kwa mkupuo, sita zikizidi. Kila moja inayoingia inapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa hayakaangi, yananyonywa. Zingine zitajigeuza zenyewe, zinazokataa zigeuze wewe. Zipe dakika tatu hadi nne hadi zipate rangi ya asali nzito.

Tumia na masikio. Ule mchemko unaousikia ni maji yanayotoka kwenye bajia kama mvuke. Mwanzoni unapiga kelele, kadiri zinavyoiva sauti inashuka na vipovu vinapungua. Rangi ikiwa imekubali na sauti imeshuka, toa. Rangi imekubali lakini bado zinapiga kelele? Moto ni mkubwa, ndani hakujaiva.

Zitoe kwa kijiko cha matundu, zikung'ute juu ya karai, uzipange kwenye chekeche au wavu wa waya, kila moja na nafasi yake. Usizirundike, na usizifunike eti zisipoe: mvuke hauna pa kwenda, unarudi kuwa maji, na ukavu wote ulioupigania unaisha kwa dakika tano. Gazeti pia hapana, wino wake hautakiwi kwenye chakula cha mafuta ya moto, hata kama barabarani tumekula hivyo miaka yote. Kabla ya mkupuo unaofuata, chota punje zilizobaki kwenye mafuta zisije zikaungua na kutia uchungu.

Mezani

Subiri dakika mbili tatu, kwa sababu kipande cha pichi kilichotoka kwenye mafuta kinaunguza ulimi vibaya kuliko unga unaokizunguka. Shira mwagia wakati wa kula, si kabla, au weka pembeni kila mtu achovye. Mimi nazipenda na kahawa chungu isiyo na sukari kabisa. Watoto wanataka sukari ya unga juu, na chai ya maziwa.

Zamani sikuzifikiria kwenye futari, kwa sababu mapichi na Ramadhani havikuwa vikikutana. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na ile ya 2029 itaangukia Januari, mapichi yakiwa dirishani pale Mombo. Mwenye kutaka kujizoeza ana muda.

Yakikosekana mapichi

Ya kopo yanafaa, yachuje na uyakaushe kwa kitambaa mara mbili, na punguza kijiko kimoja cha sukari kwenye rojo. Nanasi linafuata njia ileile, ila lipe nusu saa kwenye chujio. Embe dodo lisiloiva sana linatoka vizuri ajabu. Ndizi mbivu haihitaji hatua ya pili hata kidogo, ikate tu, na ndimu uiongeze. Plamsi nimezijaribu mara mbili na sitazijaribu tena: ni maji na uchachu mtupu.

Zikibaki, na mafuta yakibaki

Za jana zipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, au kwenye ovena ya nyuzi 180 kwa dakika tano au sita. Maikrowevu inazilainisha kama mkate uliolowa. Zikilala usiku zitie friji, zina tunda na yai ndani.

Mafuta yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa au chujio la chai, yatie kwenye chupa yenye mfuniko na uyaweke gizani. Yatakaanga bajia tena mara moja au mbili. Yakiwa meusi, mazito, au yakaanza kutoa povu na moshi mapema, muda wake umekwisha. Usiyamwage kwenye sinki, yatagandia kwenye bomba. Yafunge kwenye chupa ya plastiki na uitupe na taka.